Meza ya Mzee Mfupi

Tangu mgongo ulipomkamata akinawa uso, fundi wa vioo aliyeitwa Rula alikuwa na hofu moja: kwamba utamkamata tena akiwa ameshika kioo. Na kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja. Upande wa pili yuko shemeji yake, kaka wa mkewe, baba wa watoto wadogo. Rula akiachia, kioo kitamwangukia shemeji.

Jina la Rula alilipata ujanani kwa kunyooka kwake. Siku hizi akiinuka kitini alipanda kipande kwa kipande, mkono kiunoni. Maumivu aliyaficha kwa mkanda mpana chini ya shati, ameukaza mpaka pumzi inapita kwa kuomba njia. Siku asizokuwa na kazi alijilaza sakafuni kutwa, maana mtu alimwambia mgongo mbovu haupendi godoro. Kadiri alivyolala, ndivyo alivyoamka mkavu kama ubao.

"Mficha maradhi," mkewe akaanza.

"Mwisho wake naujua."

"Basi kama unaujua, nenda kliniki. Na kaka yangu umwambie."

Kliniki alikwenda. Kwa kaka mtu, ulimi ulikuwa mzito.

Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mwenye mikono ya moto, alimuuliza maswali yaliyomtoa jasho. Miguu inakufa ganzi? Mkojo unauzuia vizuri? Umekonda bila sababu? Unapata homa? Rula alijibu hapana kila mara, na kila mara alijiuliza kama amejibu kweli.

"Kazini unainamaje?"

Akamwonyesha, akiinamia kitanda cha kupimia. "Ila meza yetu haifiki hapa. Iko hapa." Akagusa paja.

"Nani aliitengeneza chini hivyo?"

"Marehemu baba. Alikuwa mfupi."

"Na wewe?"

"Mimi nilirefuka."

Yule mama alicheka, halafu akaacha kucheka. "Miaka yote hiyo hamkuiinua?"

Rula alivuta shati lifunike mkanda. Meza ile baba aliipiga misumari kwa mkono wake, na karakana nzima iliishi kwa kuizunguka. Nani angeanza kuiwekea vipande vya mbao miguuni kama kitanda cha mgonjwa?

"Sioni dalili ya jambo la hatari," mama alisema. "Mkanda uvue. Kulala kutwa uache, utembee kila siku, kidogo kidogo ukiongeza. Nitakufundisha mazoezi ya kiuno na tumbo. Na meza hiyo iinueni. Maumivu yatapungua taratibu, ila siku nyingine yatarudi, usishtuke."

"Picha hunipigi?"

"Kwa sasa haina haja. Miguu ikifa ganzi, au mkojo ukikushinda, rudi mbio."

Rula alitoka nje. Hata picha hawataki kunipiga, aliwaza. Wameona nimekwisha. Kesho yake akaufunga mkanda tena, akaukaza tundu moja zaidi.

Siku hiyo walipeleka kioo cha ukutani kwenye saluni, ghorofani. Shemeji alitangulia kinyumenyume, Rula akabaki chini, upande wa uzito. Mafundi wa vioo wana neno moja: tua. Mmoja akilitamka, wote wawili wanatua papo hapo, maswali baadaye. Baba alijisifu mpaka anakufa kwamba hakuwahi kulitamka. Rula naye hakuwahi.

Walipofika kwenye kona ya ngazi, pale penye nafasi ya kupumulia, kiuno kikapiga kama umeme. Ilibaki kugeuka na kuendelea kupanda. Labda kitaachia, aliwaza. Vidole vilianza kulowa kwenye glavu. Juu ya ukingo wa kioo aliiona shingo ya shemeji yake, na mshipa ukicheza; akiachia, kioo kitamvuta shemeji kichwa mbele.

"Tua," alisema.

Shemeji alitua. Wakakiweka juu ya matambara, wakakiegemeza ukutani.

"Umesema nini?"

"Nimesema tua. Mgongo. Una muda mrefu. Nilikuficha."

Shemeji alikaa kwenye ngazi, akajifuta uso. "Unadhani mkanda huo siusikii unavyolia ukiinama? Siku zote hizi nabeba kioo nimekaza meno, nasubiri useme. Ungeniua bwana, halafu ungekuja msibani umenyooka."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ningeulizaje? Wewe ni Rula."

Walimwita kinyozi wa saluni ashike upande wa chini pamoja na Rula, wakapanda taratibu.

Asubuhi yake waliinua meza kwa vipande vya mbao, mguu baada ya mguu. Rula alisimama mbele yake bila kuinama, akaona aibu, kama aliyemvua baba yake kofia. Shemeji, ambaye naye ni mfupi, meza ilimfika kifuani.

"Sasa mimi nitafute kigoda," alisema. "Mzee angenihurumia."

Mgongo ulikuwa bado unauma. Rula alikata kioo kimoja, akaweka chini kisu, akatoka kutembea mpaka mwisho wa barabara kama alivyoagizwa, akisikiliza miguu yake kila hatua kama bado ipo. Aliporudi walibeba kioo cha dirisha. Mlangoni, shemeji akasema, "Tua."

Wakatua.

"Umechoka?"

"Hapana. Nataka ulizoee."