Ndugu Yake Sista Nuala

Migori walimjua Sista Nuala kama mkunga. Kwao Ayalandi walimjua kama dada yake Fintan.

Fintan alikuwa kitinda mimba wao, na tangu utotoni alikuwa hodari wa mchezo wa kwao wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo bapa. Akachezea kaunti yake, akabebwa mabegani na umati, picha yake ikabandikwa kwenye kila duka la mjini. Mwaka alioshinda kombe la kwanza alikuja kumtembelea dadake kwenye misheni ya Uriri, huko Migori. Alikaa mwezi mzima, akala nyoyo, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, na samaki, akaungua jua hadi pua ikabambuka. Siku ya kuondoka alimwambia, "Nitarudi, Nuala. Hapa hakuna anayenidai bao."

Hakurudi. Chama kilimchukua uwanjani kikampeleka bungeni, na miaka ikapita akawa waziri mkuu. Alifika Nairobi mara moja tu, kwa ziara ya kiserikali. Sista Nuala alisafiri kutoka Migori kutwa nzima, akapangwa kwenye foleni pamoja na masista na mapadre wengine. Fintan alipomfikia alimshika mikono yote miwili, machozi yakamlengalenga, lakini msaidizi wake akamgusa kiwiko, na Fintan akasogea kwa balozi. Basi. Sista Nuala alirudi Migori, na asubuhi yake akazalisha.

Kisha chama cha Fintan mwenyewe kikamwangusha. Wale wale waliompigia makofi ndio waliopiga kura aondoke. Jioni hiyo alimpigia simu dadake.

"Sasa nina nafasi," alisema. "Nitakuja nikae."

"Njoo," Sista akamjibu. "Kitanda kipo."

Wakati huo Sista alikuwa amestaafu na kuhamia nyumba ya masista Homa Bay. Aliomba chumba kinachotazama ziwa, akakipaka rangi, akashona mapazia. Fintan akaahirisha kwa sababu ya goti, halafu kwa sababu ya harusi ya binti yake. Halafu mkewe akaanza kupokea simu badala yake, akisema amelala. Mwishowe alisema ukweli: akili ya Fintan ilikuwa inafutika.

Daktari alimkataza Sista Nuala kupanda ndege kwa ajili ya moyo wake. Kwa hiyo Dorine, muuguzi ambaye Sista mwenyewe alimfundisha kazi na ambaye sasa ndiye aliyemtunza, alimshikia simu yenye picha. Fintan akatokea, amenyolewa vizuri, tai shingoni.

"Fintan, ni mimi."

Alimtazama kwa tabasamu lile la kwenye mabango. "Asante sana kwa kuja, mama," akasema. "Umetoka mbali?"

Dorine hakuelewa Kiingereza chao cha haraka, lakini aliona Sista akisogeza uso karibu na simu.

"Mbali kidogo," Sista Nuala akajibu.

"Basi tutaliangalia suala lako. Nakuahidi."

Fintan alikufa mwezi uliofuata. Siku ya mazishi masista walikusanyika mbele ya televisheni kutazama jeneza likipita katikati ya askari. Waliomwangusha walisoma hotuba ndefu za kumsifu. Sista Nuala alikaa wima, macho makavu, kama anayemtazama marehemu wa watu wengine.

Ndipo likasikika lango likifunguliwa, na sauti ya mwanamke ikapasua hewa: "Uwi! Owadwa! Ndugu yetu!"

Alikuwa Phelesia, ambaye Sista alimzalisha mapacha zamani, na nyuma yake akina mama wapatao kumi kutoka Migori na Uriri. Dorine ndiye aliyewapigia simu. Walikuja na ndizi, unga na kuku wawili.

"Sista, wewe huwezi kulia peke yako kama mtu asiye na watu," Phelesia akasema, akikaa sakafuni. "Hebu tuambie. Huyu ndugu yetu alikuwa mtu wa namna gani?"

Sista Nuala akafungua kinywa aseme waziri mkuu, aseme makombe. Hayakutoka.

"Siku niliyotoka nyumbani kuja huku," alisema taratibu, "alikimbia nyuma ya basi, hana viatu, analia, mpaka darajani. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Sikugeuka, kwa sababu ningegeuka, ningeshuka."

Hapo machozi yakamshinda. Phelesia alimvuta kifuani, na akina mama wakainua kilio. Dorine akainuka akazima televisheni, akaenda jikoni kuwapikia wageni.