Milima ya Margrieta

Kwetu Latvia kila jina lina siku yake kwenye kalenda, na siku hiyo ikifika hakuna anayealikwa. Watu wanakuja tu. Kazi ya mwenye jina ni kuoka, kuvaa vizuri na kujifanya hangoji mtu.

Margrieta aliamka alfajiri, akakanda unga wenye zafarani na zabibu kavu, akausokota kama nambari nane, akautia kwenye jiko. Saa nne ilimkuta klingeri, mkate mtamu wa siku ya jina, liko mezani na lozi zake juu, vikombe kumi na viwili vimepangwa, na mwenyewe kakaa kwenye kiti kinachotazama geti, kifungo cha juu cha gauni kikimkaba koo.

Saa sita, hakuna mtu. Saa nane, hakuna mtu. Alikuja inzi mmoja, na huyo hakuwa na adabu hata ya kuleta ua.

Mwaka jana walikuja saba. Mwaka juzi, Eriks mumewe akiwa bado hai, walijaa mpaka wengine wakakalia ndoo. Leo simu ndiyo iliyokuwa na wageni. Ililia tangu asubuhi: "Heri ya siku ya jina, Margrieta, popote ulipo!" Wa kwanza kaandika hivyo, wa pili hivyo hivyo, na wa hamsini. Hiyo popote ndiyo iliyomchoma. Alikuwa jikoni kwake! Lakini angewaambiaje, na yeye ndiye aliyejipeleka mbali?

Ilianza hivi. Walipomzika Eriks, mtoto wao Guntars, anayepakia uyoga kwenye makasha huko Ayalandi, alimwachia mama yake kamera na kompyuta yake ya zamani yenye programu ya kuchezea picha. Akamfundisha siku tatu, akarudi kwenye uyoga wake. Margrieta akapiga picha maua ya dirishani, akapiga umande juu ya kabichi, akapiga buibui mpaka buibui akahama. Zote alizituma kwenye kundi la kijiji kwenye simu. Zilipata mioyo mitatu, na mmoja ulikuwa wa kwake mwenyewe.

Mwezi wa tatu mwaka huu akalala kifudifudi uani, kamera ikigusa matope, akalipiga picha jiwe lililochomoza kutoka kwenye hori la ng'ombe, hori lenyewe limejaa maji ya mvua. Kwa kutazamwa kutoka chini namna ile, jiwe likawa mlima, na yale manyoya ya kijani juu yake yakawa msitu. Kwenye kompyuta akaongeza tabaka juu ya tabaka: mawingu ya siku nyingine, ukungu aliouchukua kwenye mvuke wa birika, na kileleni theluji. Theluji yenyewe ilikuwa sukari aliyoimwaga kwenye sahani nyeusi. Chini akaandika: "Asubuhi tulivu."

Aliyeanza ni Velta, jirani wa ng'ambo ya barabara. "Makubwa! Shoga yangu yuko Norwei!" Ikaja mioyo arobaini na moja.

Margrieta alitaka kumsahihisha. Alishika simu, akaandika "hapana", akaitazama ile mioyo, akafuta. Msimhukumu haraka. Nchi yetu kilima chake kirefu kuliko vyote unakipanda bila kuvua sweta, na mpaka pekee aliowahi kuuvuka ni wa Lithuania, kwenda kununua nyama. Baada ya Norwei ikaja Uswisi, ikaja Aisilandi. Yeye hakutaja nchi hata moja. Walitaja wao, yeye alinyamaza tu.

Ila kunyamaza nako kuna jasho lake. Velta, kwa moyo wake mwema, alianza kuja kumwagilia matango kwenye banda la kioo, maana mwenyewe "yuko safarini". Mara ya kwanza Margrieta alijitupa chini ya meza, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, akakaa huko nusu saa, mkononi kashika kiazi alichokuwa akikimenya. Kufika mara ya nne alikuwa ameshaweka mto.

Na leo, hata klingeri halijaiva, alikuwa amekamilisha picha nzuri kuliko zote. Mkono haukumtulia. Aliituma na maneno mawili tu, "Asubuhi hii." Na ni kweli, hori lilikuwa la asubuhi hii. Kwa hiyo hata njia ya kujiokoa kwa uongo mdogo, kusema nimerudi jana, aliiziba kwa mkono wake mwenyewe.

Saa kumi na moja geti likalia. Margrieta akainuka, moyo juu. Ni Velta, lakini kabeba ndoo, hana maua. Magoti ya Margrieta, kwa mazoea, yalishafika sakafuni.

Kupitia dirisha lililo wazi alimsikia akiongea na matango.

"Kunyweni, mayatima ninyi. Mama yenu yuko vileleni huko, hana habari na mtu. Leo jina lake, nimemchumia maua, nimpelekee wapi? Yako kwenye beseni nyumbani." Maji yakamiminika tena. "Tangu Jumapili sijaongea na mtu ila ninyi. Na ninyi wenyewe hamjibu."

Margrieta alikaa na maneno hayo kwenye giza la kitambaa cha meza. Kisha akatoka, akaenda dirishani.

"Velta! Usiyazamishe hayo, si bata!"

Ndoo ikaanguka. "Yesu wangu! Mzuka!"

"Mzuka gani anapiga pasi gauni? Ingia ndani."

"Lakini wewe asubuhi... ile picha..."

"Ingia, dada. Nitakuonyesha."

Alimkalisha mbele ya kompyuta, akaondoa tabaka moja baada ya jingine.

"Hii theluji?"

"Sukari."

"Na mlima?"

"Jiwe. Lile pale kwenye hori, umelipita sasa hivi."

"Uswisi je?"

"Jiwe lile lile, upande wa pili."

Margrieta alisubiri kicheko. Alikuwa amejiandaa kucheka naye. Velta hakucheka.

"Ile siku nilipoteleza bandani na ndoo mbili, nikalala pale naita, ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Chini ya meza."

"Ulinisikia?"

Margrieta alifungua kile kifungo cha koo. "Nilikusikia. Nikasema akiita mara ya tatu natoka. Ukainuka mwenyewe."

Velta alivuta klingeri, akakata kipande cha watu watatu, akala amesimama. Margrieta akamtilia kahawa, naye akainywa bila kumtazama.

"Mimi si mgeni wako," alisema, makombo kidevuni. "Nakula ujira wa ndoo." Akakata kipande cha pili. Alipomaliza akaiokota ndoo yake, na mlangoni akageuka. "Zafarani umeibania."

Akaenda zake.

Kwenye kioo cha kompyuta lilibaki hori lenyewe na jiwe lake. Margrieta aliituma picha ile kundini jinsi ilivyo, na chini yake akaandika: "Hili ni hori langu. Theluji ilikuwa sukari. Sijaenda popote, niko nyumbani, na klingeri lipo."

Aliona wakisoma. Watu kumi, watu thelathini. Hakuna moyo hata mmoja. Mwishowe mtu mmoja akauliza: "Kwa hiyo hata Aisilandi?"

"Hata Aisilandi," akajibu.

Jua la mwezi wa saba bado lilikuwa juu. Ng'ambo ya barabara mlango wa Velta ulifunguka, akatoka, akamwaga maji ya beseni kwenye majani, maua hayamo, akabaki kalishika beseni tupu huku akiitazama nyumba ya Margrieta. Margrieta alisimama katikati ya dirisha, aonekane mzima, kuanzia gauni hadi nywele. Hakupunga mkono, aliona hana haki hiyo.

Velta alirudi ndani kwake. Margrieta hakuondoka dirishani.