Ugaga wa Mama Tereza

Bhoke alikuwa msaidizi wa daktari wa meno katika kliniki ndogo mjini Bunda. Asubuhi ile daktari wake, Khalidi, alikuwa ameenda Butiama kupima meno ya wanafunzi, na yeye alibaki kupokea wagonjwa na kuwapangia siku ya kurudi.

Mama Tereza, mkulima wa pamba, alifika kwa bodaboda kutoka Nyamuswa. Kijana wake alikuwa anaoa Jumamosi, naye alitaka kutolewa ugaga uliokuwa umeganda kwenye meno ya mbele, mgumu na wa kahawia.

"Daktari hayupo, mama. Njoo kesho."

"Kesho napika pombe ya wageni. Si wewe huwaga unamshikia vyombo? Nifanyie wewe, binti yangu."

Bhoke alijua kila hatua. Alikuwa amesimama pembeni ya kiti kile miaka mingi, na mara nyingi aliwaona watu waliotoka mbali, hata Kisorya, wakirudi bila huduma. Akavaa glavu. Mama Tereza akalala kitini, akafumbua kinywa. Bhoke akaichukua mashine ya kukwangulia ugaga, halafu moyo ukamwambia asubiri. Akampigia daktari.

"Anameza dawa gani?" Khalidi akauliza.

Bhoke hakuwa amewaza kuuliza hilo. Mama Tereza akatoa kwenye kipochi paketi ya vidonge vya moyo. Bhoke akamsomea daktari jina la dawa polepole kwenye simu.

"Hizo zinazuia damu kuganda," Khalidi akasema. "Usimguse. Nakuja mchana."

Alipofika, alizungumza kwanza na daktari wa moyo anayemtibu mama yule, ndipo akaanza, taratibu, upande mmoja tu. Fizi zilivuja damu kuliko kawaida. Bhoke alizikandamiza kwa pamba, akimsemesha Mama Tereza habari za harusi, mpaka damu ikakata. Upande wa pili ukapangiwa wiki ijayo. Mama akajitazama kwenye kioo, akasema meno ya mbele yanatosha kwa picha.

Mama alipoondoka, Bhoke aliosha vyombo.

"Daktari, wasaidizi wangeruhusiwa kukwangua ugaga, watu wangehudumiwa wengi," akasema mwishowe.

"Nakubaliana na wewe. Wasomeshwe kwanza, halafu waruhusiwe. Mkono unao tayari, dada Bhoke. Kilichokosekana leo ni lile swali la dawa."

"Na nilikuwa nimeshavaa glavu."

"Ulisubiri ukapiga simu. Ungekuwa umeanza, tungekuwa tunaongea mengine."

Jioni Bhoke alipitia sokoni akanunua sato, akaenda nyumbani akamkuta mumewe, Mseti, anawasha jiko. Akamweleza yote, hata ile mashine mkononi.

"Nataka kwenda chuo," akamalizia. "Nisomee meno."

Mseti akapuliza mkaa mpaka ukashika. "Watoto nitabaki nao. Leta huyo samaki nimparue."

Bhoke akampa, akaketi kwenye kigoda, akavua viatu.