Vifaranga wa Kishungi

Nyumba ile mlango wake haukufungwa mchana. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alikaa mpaka kitoweo kikaiva, na aliyekuja kuuliza saa aliondoka na habari za mtaa mzima. Kwa hiyo kuku wa mama mkwe alipochinjwa kimakosa, watu walijua kabla manyoya hayajazolewa.

Aliyekabidhiwa kuku huyo alikuwa mke wa mwana mkubwa, fundi wa cherehani, ambaye wifi yake alimbandika jina la Sindano kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Mumewe alikuwa dereva wa lori, leo yupo, kesho yuko njiani. Yeye mwenyewe alikuwa bado mgenimgeni mle ndani: alijua sufuria zinakaa wapi, ila hakujua nani huruhusiwa kumkatiza nani maneno. Mama mkwe alipokwenda kumwuguza binti yake mdogo aliyejifungua, hakumwachia funguo wala maagizo ya jikoni. Alimwachia Kishungi, kuku mwenye shungi la manyoya kichwani kama bibi harusi aliyevaa kofia ya kuazima, aliyekuwa akiatamia nyuma ya magunia stoo.

“Mama yangu alinipa bibi wa huyu siku niliyoolewa,” alisema mama mkwe. “Ukoo wote umekwisha, kabaki yeye. Nakuachia wewe, mwanangu.”

Sindano akaitikia kwa heshima zote.

Mayai yakaanguliwa salama. Asubuhi ile ile Sindano akatoka kwenda kununua uzi, na huku nyuma wakaingia wageni bila taarifa, wageni wa aina ile ambao huwezi kuwapa chai kavu. Cheche, shemeji yake, mchomelea mageti, akajitolea kutafuta kitoweo. Kuku wa uani wakamzungusha mpaka kandambili zikamvuka. Ndipo akaingia stoo, kwenye giza, akapapasa nyuma ya magunia, akakuta mmoja ametulia.

Sindano aliporudi, supu ilikuwa mezani na wageni wanaisifia. Akasikia sauti nyembamba nyembamba kutoka stoo.

“Shemeji, huyu kuku umemtoa wapi?”

“Stoo. Ana adabu huyo. Kanidonoa kidogo tu, wala hakukimbia.”

“Hakukimbia kwa sababu alikuwa amewakalia watoto.”

Cheche akalitazama bakuli lake. Akaweka kijiko chini polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. “Nilisikia kitu kinalia,” alisema. “Nikajua ni bawaba ya mlango.”

“Kula tu, mdogo wangu,” alisema wifi mkubwa, dada yake Cheche, ambaye alikuwa na neno kwa kila msiba. “Hata ukimsusia hatafufuka.”

Vifaranga walikuwa tisa. Sindano aliwabeba kwenye pindo la gauni mpaka chumba cha mbele anakoshonea, maana huko ndiko kulikuwa na umeme wa uhakika kidogo. Akatafuta boksi la televisheni, akamwita muuza pumba wa njia panda aje amwelekeze, naye akaja na kilo ya chakula cha vifaranga na maneno ya kilo kumi. Akazungushia kadibodi kwenye pembe ili boksi lote liwe duara, kwa sababu vifaranga wakipata pembe hurundikana humo na wa chini hukosa pumzi. Akamwaga maranda ya mbao chini. Kwenye kisahani cha maji akatia vijiwe, mtu anywe asizame. Juu ikaning'inizwa balbu.

“Balbu hiyo usiiangalie,” alisema muuza pumba. “Waangalie wao. Wakijibana chini yake, wana baridi, ishushe. Wakiikimbia na kuachama midomo, wanaungua, ipandishe. Ukiwaona wametawanyika kila mmoja na hamsini zake, basi hapo pazuri, waache.”

Cheche naye akaleta faini yake: kiguzo cha chuma alichokichomelea mwenyewe, chenye mnyororo na ndoano, ili balbu ipande na kushuka pete moja moja. Kilikuwa kizuri hata wateja wa nguo wakauliza bei. Hakuna aliyejua kuwa mnyororo huo ndio utakaoleta balaa.

Msimu ulikuwa wa manyunyu, na nyumba nzima ilikuwa imejikunyata. Baba mdogo, mdogo wa marehemu baba mkwe, alishinda na koti lake zito tangu kuamka mpaka kulala. Vifaranga wakawa gumzo. Hakuna aliyeingia pale akapita bila kuwachungulia, na Sindano alifurahi, maana watu walipendezwa badala ya kumnyooshea kidole.

Lakini asubuhi moja alikuta kifaranga mmoja amelala ubavu, amekauka. Wengine walikuwa wamejibanza ukingoni, mbawa zimelegea, midomo wazi. Balbu ilikuwa karibu iguse maranda.

Akaipandisha. Akambeba yule mfu kwenye kitambaa cha bitana akamfukia nyuma ya bafu bila kumwambia mtu. Kufika mchana, balbu imeshuka tena. Akaanza kuudhania mnyororo. Akamwita Cheche, Cheche akauvuta kwa nguvu zake zote, akasema, “Shemeji, huu unaweza kuvuta lori la kaka.”

Jioni ile alikuwa akishona, amelipa boksi mgongo, mbele yake kikiwa kile kioo kirefu wanachojitazamia wateja. Akainua macho kukata uzi. Kwenye kioo akamwona baba mdogo anaingia kwa kunyata, koti mpaka magotini. Akainamia boksi, akatikisa kichwa. “Maskini, baridi hii,” akanong'ona, akashusha pete moja. Akatoka.

Sindano akaendelea kukanyaga cherehani, macho kwenye kioo. Akaja wifi mkubwa na kikombe chake. “Jamani, watoto hawana mama,” akasema peke yake, akashusha pete moja, na kwa kuongezea akatandaza mtandio wake juu ya nusu ya boksi. Kisha msusi wa nyumba ya pili, aliyekuja kurudisha ungo: pete moja. Mwisho Cheche mwenyewe, mikono imejaa masizi, akatazama kushoto, akatazama kulia, na kwa huruma ya mtu aliyekula mama wa watu akashusha mbili.

Sindano alishika tama. Kumbe hakukuwa na mchawi. Kila mmoja alijisikia baridi yeye, akawapa joto wao. Na sasa angesema nini? Mke wa juzi juzi amgombeze baba mdogo? Amwambie wifi mkubwa aondoe mkono? Akimeza maneno, vifaranga watakwisha kwa kupendwa, na mama mkwe arudi kukuta boksi tupu.

Aliwaza mpaka pindo likapinda. Kisha akanyanyuka, akapandisha balbu, akakunja mtandio, akachukua kigoda cha jikoni akakiweka kando ya boksi. Wakati wa chai, wote wakiwapo, akasema kwa sauti ya chini:

“Anayetaka kugusa mnyororo, karibu. Ila akae kwanza kwenye kigoda na kikombe chake, awaangalie. Chai ikiisha ndipo aguse.”

“Hee,” alisema wifi mkubwa. “Sindano imeanza kuchoma.”

Lakini akakaa wa kwanza, maana alipenda kukaa. Akapuliza chai, akatazama. “Kumbe huyu mdogo ndiye mkorofi. Muone, kamkanyaga mwenzake kichwani.” Akasahau mnyororo. Baba mdogo alipopata zamu yake alitazama mpaka akavua koti, kwa kuwa joto la balbu lilimfikia, na wifi akapiga kelele kwamba leo mvua itanyesha juu chini. Chai ilikwisha, naye akanyanyuka bila kugusa kitu. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi ya nyumba: mtu akitafutwa, yuko kwenye kigoda.

Siku umeme ulipokatika saa ya magharibi, Sindano hakuomba msaada. Alitoka tu mlangoni na kusema, “Umeme.” Msusi akaleta chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa taulo, wifi akabandika birika, na baba mdogo akalitoa koti lenyewe lizungushiwe boksi kwa nje. Wakakaa hapo wakipiga soga mpaka taa zikarudi, wakibadilishana chupa zikipoa. Walibaki wanane, na wanane wakabaki.

Mama mkwe akarudi bila kupiga simu. Cheche alipomwona getini akakumbuka bawaba inayotaka grisi. Mama akatua begi, akamtazama.

“Alikuwa mtamu?”

“Mgumu kidogo, Mama.”

“Mzazi yule, ulitaka awe laini? Nilipigiwa simu supu ingali mezani.”

Wifi mkubwa akaanza kukagua dari kama anayeinunua.

Mama mkwe akaingia chumba cha mbele na viatu vyake vya safari. Cherehani ikanyamaza. Aliinama juu ya boksi, uso hausomeki, akatazama kitambo kidogo tu. “Hawa wana baridi,” akasema, na mkono ukaenda kwenye mnyororo.

Sindano akasikia sauti yake ikimtoka kabla hajaipa ruhusa.

“Mama, kaa kwanza. Nakuletea chai.”

Mama mkwe akageuka. Akamtazama mkwewe, akakitazama kigoda, akawatazama wengine, ambao wote walikuwa wakivichunguza vidole vya miguu yao. Mkono ukashuka. Akakaa.

Alikunywa polepole. Vifaranga walikuwa wametawanyika: mmoja anakunywa, mwingine kalala kanyoosha mguu kama mtu mwenye hela, wawili wanagombania kipande cha maranda. Kichwani kwa mmoja wao kulikuwa na kishada cha manyoya, kimesimama upande. Mama mkwe akakiona. Aliweka kikombe kwenye goti.

“Mmoja alikufa, Mama,” alisema Sindano. “Kwa joto. Nilichelewa kujua.”

“Mimi ningeua wote,” alijibu mama mkwe, bila kutoa macho kwenye boksi. “Mkono wangu ulikuwa umeshafika.”

Baba mdogo akaingia, hana habari, koti mabegani. Akamsalimia shemeji yake, akachungulia, na kwa mazoea ya zamani mkono ukapanda.

“Shemeji, acha,” alisema mama mkwe. “Hapa mtu hukaa kwanza.”

“Nikae wapi, na kigoda umekikalia wewe?”

“Basi nenda kachukue kikombe, usubiri zamu.”

Sindano akarudi kwenye cherehani yake, akatunga uzi.