Kidonge cha Ashley

Jamani, hatia ni kitu kibaya. Nabwire wa mtaa wa Langas hakuchoma nyumba ya mtu. Lakini ile Januari, baada ya kura ya 2007, vijana wenye mapanga walipokuja kuwawinda watu wa mkoa wa Central na kuuliza wanakaa wapi kwenye ploti, alinyoosha kidole. Mlango wa tatu. Ulikuwa wa Waithira, jirani aliyemkanda mgongo siku ya uchungu wa kumzaa Ashley. Waithira alitoroka na mwanawe mgongoni huku paa likiwaka.

Mwaka uliofuata Waithira alirudi, wala hakumuuliza mtu chochote. Akajitolea kazi ya afya, akipita mlango kwa mlango kuwapa watoto dawa ya minyoo, kwa maana vyoo navyo viliungua na watoto walijisaidia palepale walipochezea. Ashley, miaka minne, tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma.

"Hodi, Mama Ashley." Waithira akamtafunisha kidonge kwanza mwanawe mwenyewe, aliyekuja naye, Nabwire akiona kwa macho yake, kisha akampa Ashley chake.

Nabwire alishukuru vizuri sana. Waithira alipompa kisogo tu, Nabwire akamtia Ashley kidole mdomoni. "Tema! Tema haraka!" Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Yeye angechomewa nyumba, angelipiza. Akamchemshia Ashley majani machungu, maana kwao Busia bibi yake alimfundisha kwamba minyoo haiuawi, inatulizwa tu.

Haikutulia. Baada ya miezi mitatu Ashley alitapika minyoo mirefu, ingali hai, na tumbo likawa gumu. Hospitalini daktari alisema imejisokota fundo na kuziba utumbo, na sehemu imeshaoza. Walimpasua. Hakuamka.

Waithira alikuja matangani na unga, akaketi mkekani na akina mama wengine. Hapo Nabwire alishindwa kabisa. Woi, alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Ni mimi niliwaonyesha mlango wako," alisema. "Na dawa yako nilimtemesha."

"Yote mawili najua."

"Dawa pia?"

"Niligeuka nikakuona. Na nilikuwa na kidonge kingine mkononi."

"Haki ya Mungu, Waithira! Sasa mbona hukurudi umpe?"

Waithira aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondokea kwenye leso.

"Nilikuogopa, Mama Ashley."