Kizingiti cha Mwanakhamis

Khatib alianguka kutoka juu ya mkarafuu msimu ule wa mavuno makubwa, miaka miwili kabla ya vita vya pili vya dunia, na watu wa Kiuyu wanaapa kwamba alikaa hewani muda wa kutosha kumuaga kila mtu kwa jina lake. Alimsahau mmoja tu, mkewe. Mwanakhamis akavikwa nguo nyeupe, akaingizwa ndani kukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Hakuna udi, hakuna mafuta ya nywele, na mguu wake usivuke kizingiti cha mlango wa mbele.

Watoto wake watatu walilia siku tatu. Siku ya nne wakakigundua kizingiti.

Aliyekigundua ni Jaribu, mkubwa, mwenye miaka saba. Aliiba kipande cha muhogo jikoni, mama yake akamkimbiza na mwiko, na pale mlangoni mama akasimama ghafla kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba. Jaribu akageuka. Akaitazama miguu ya mama yake, akaitazama yake. Kisha akarudi karibu kabisa, akautafuna ule muhogo taratibu mbele ya pua yake.

Tangu hapo hapakufanyika uovu wowote ndani ya nyumba. Yote yalifanyika nje, hatua mbili, ili mama aone vizuri. Duni, wa miaka mitano, alimnyonyoa jogoo mkia akiwa hai. Mabruki, ambaye hajatimiza mitatu, alikula mchanga huku kamkodolea mama macho, asije akakosa kuona hata tonge moja. Alikula mpaka ua ukapata bonde. Lakini mchezo walioupenda kuliko yote ulikuwa wa baba. Jaribu alipanda mpera, akajiangusha. Duni akajipiga kifua na kulia maneno yale yale aliyoyalia mama yake siku ya maziko, pamoja na kile kikohozi cha katikati. Mabruki akammwagia marehemu mchanga. Kisha marehemu akafufuka akadai zamu ya pili.

Mwanakhamis aliyatazama hayo kutoka mlangoni, na siku moja akajikuta anacheka. Aliona haya wiki nzima.

Wa kuogopwa alikuwa wifi yake, Bi Mwatum, dada wa marehemu. Hakujaaliwa mtoto, na hawa alikuwa akiwataka, wala hakuficha. Kila asubuhi alipita kuukagua mchanga wa mlangoni, akitafuta unyayo wa mtu mzima. Alikwishatangaza kisimani kwamba mwanamke asiyeweza kumkalia kakaye eda hawezi kulea damu ya kakaye. Siku atakayovuka, watoto watahamia kwake, na wazee wa upande wa mume wamekubali. Na watoto wenyewe akawaambia kwamba atakayemletea habari kwanza atapata sahani nzima ya halua.

Zilikuwa zimebaki siku hamsini na tatu. Adhuhuri moja Mabruki akajikokota hadi kwa fahali wa jirani, Mzee Amur, fahali wa mchezo wa ng'ombe aliyekwisha kuwavunja wanaume wawili mbavu. Akaingia chini ya tumbo, akatokea nyuma, akaning'inia mkiani.

Mwanakhamis akamwita Jaribu amtoe mdogo wake.

"Ngoja kwanza, mama," akasema Jaribu, na macho yake hayakuwa kwa fahali. Yalikuwa kwenye kizingiti.

Mwanakhamis akavuka. Alivuka miguu mitupu, kichwa wazi, nguo nyeupe zinapepea, na yule fahali asiyewahi kumkimbia mtu alikata kamba, akaenda asionekane mpaka Ijumaa, tena kwa kuvutwa. Mama akamkwapua mtoto wake. Kabla hajarudi ndani, Jaribu alikuwa kwa shangazi yake, kanyosha mkono.

"Mama katoka. Iko wapi sahani?"

Mwalimu yeyote wa chuo cha Kurani angesema kumwokoa mtoto ni dharura, na dharura haivunji eda. Bi Mwatum hakumuuliza mwalimu kwa sababu alilijua jibu. Alikuja alasiri na wazee wawili, akawachukua wote watatu. Waliondoka midomo imejaa halua. Mabruki ndiye pekee aliyegeuka, akapunga mkono.

Siku ya kwanza Mwanakhamis alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya pili alilala tangu alfajiri hadi alasiri, usingizi ambao hakuuonja kwa miaka saba, akaamka akalia tena kwa aibu ya kulala.

Siku ya tatu habari zikaanza kuingia kupitia kwa jirani yake, Mwanabaraka, aliyekuja kumpa pole na akashindwa kukizuia kicheko. Mabruki alikuwa amelikojolea jamvi la karafuu zilizokwisha kukauka. Zikarudi ubichi, nyingine zikaanza kuota. Duni aliviosha vikombe vya kauri vya shangazi kwa jiwe. Na siku ya sita Bi Mwatum alijilaza mchana kwa uchovu. Watoto wakamfunika shuka jeupe, wakamfunga kidevu kwa kitambaa, na Duni akakaa mlangoni kulia, kikohozi na yote. Alilia vizuri mno. Bi Mwatum alipofungua macho, jeneza limeshafika ukumbini na wanawake wawili wanagombania kanga zake.

Asubuhi ya siku ya saba alikuwa mlangoni kwa Mwanakhamis, Mabruki mgongoni, wale wawili kawashika mikono.

"Wifi, fungua."

"Siwezi kutoka kukupokea, wifi yangu. N'na eda."

"Utoke wapi? Nimesema fungua tu."

"Mwenye eda iliyovunjika hafai kulea. Si ulisema mwenyewe kisimani?"

Mkono wa Mwanakhamis ulikuwa juu ya komeo. Aliisikia pumzi ya Mabruki upande wa pili wa ubao, yenye kamasi, akauma pindo la nguo yake asije akafungua. Akifungua sasa, kesho watachukuliwa tena. Nje majirani wakaanza kusogea, na Mwanabaraka wa mbele kabisa.

"Nambie mbele za watu," akasema Mwanakhamis kutoka ndani. "Eda yangu nzima, au imevunjika?"

Mabruki akakishika kipini cha pua cha shangazi yake, akavuta.

"Nzima."

"Sikusikia, wifi."

"Eda yako nzima, na wanao ni wako, na Mungu akupe umri mrefu uishi nao," akasema Bi Mwatum, kwa sauti ya mtu anayelaani.

Komeo likaondoka. Watoto wakaingia, wakanuswa vichwa, wakapewa uji. Hata uji haujapoa, Jaribu akachota sukari kiganjani, akatoka nje hatua mbili, akageuka na kusubiri mwiko.

Mama yake hakuinuka.

"Nenda tu, mwanangu," akasema. "Shangazi yako hajafika mbali."

Jaribu akarudisha miguu ndani. Na kule njiani Bi Mwatum, aliyesikia akitajwa, akakunja kanga magotini akaongeza mwendo.