Baridi Isiyoamkiwa

Jumanne saa mbili na robo asubuhi, Mwaisha alishuka kwenye bodaboda mbele ya zahanati iliyo chini ya mlima. Alikuwa na spana mbili za bomba, valvu mpya ya shaba, blanketi kuukuu na chupa ya chai yenye maua mekundu. Vitu vingine vilikuwa kwenye mfuko wa salfeti. Chupa aliipakata njia nzima, kwa sababu ndani yake mlikuwa na baridi.

Aliiteka alfajiri huko juu milimani, kwenye kijito cha ukoo wao. Kwao baridi hurithiwa upande wa mama, pamoja na mashamba. Ndugu zake waliitumia kutunzia stroberi zisiharibike kabla ya kufika sokoni mjini. Mwaisha, aliyesomea ufundi bomba, ndiye aliyegundua kwamba inaziba bomba vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Nesi Furaha, msimamizi wa zahanati, alimpeleka moja kwa moja nyuma ya jengo. Bomba lilitoka kwenye tanki, likapita chini ya ardhi hatua kumi, ndipo likakutana na valvu kwenye kishimo cha saruji. Valvu ilikuwa imeoza, inavuja usiku na mchana. Fundi mwingine angeanza kwa kumwaga tanki zima.

"Tanki limefika nusu tu, na hiyo nusu tumeisubiri wiki tatu," alisema Furaha. "Sijui maji yanakwenda wapi. Ndani nina mama ameshashikwa na uchungu. Ukiyamwaga haya, fundi, nitamzalisha na nini?"

"Simwagi hata kikombe, dada."

Mwaisha alizungushia bomba blanketi, pale kabla tu ya valvu, akafungua chupa. "Shikamoo, mjomba," alisema. Furaha naye akaamkia, maana baridi ya ukoo ni mtu mzima, na kila aliyepo sharti aiamkie, la sivyo inaondoka zake.

"Marahaba," baridi iliitikia kwa sauti ya mtu mwenye mafua, ikaingia kwenye blanketi ikatulia. Baada ya dakika kumi maji ya mle ndani yalikuwa kizibo cha barafu. Mwaisha alifungua valvu mbovu, akaitoa. Mdomo wa bomba ukabaki wazi, mkavu kabisa. Alipiga mluzi kwa furaha, akaanza kuzungushia valvu mpya utepe mweupe.

Hapo ndipo Bwana Ignas alipotokea, amevaa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na ng'ambo ya barabara alikuwa na sehemu ya kuoshea magari. Alichungulia kishimoni.

"Mambo vipi humo?" aliiuliza baridi.

Mwaisha alishtuka. "Mwenyekiti, mwamkie tafadhali."

"Nimwamkie nani? Barafu si maji? Maji yote ya hapa yako chini yangu."

Baridi iliinuka ikaondoka. Haikutoka nje, ilirudi ndani ya bomba kuelekea kwenye tanki, na kizibo kikaanza kulegea. Maji yalimrukia Mwaisha kifuani. Aliziba mdomo wa bomba kwa kiganja, akaegemea kwa uzito wake wote. Furaha akawahi kukinga ndoo.

Njiani, baridi ilikuta bomba jingine ambalo Mwaisha hakuambiwa kama lipo, likiwa limeunganishwa kwa ustadi chini ya udongo. Ikakata kona. Juu ya ardhi ulijichora mstari mweupe wa theluji, upana wa kiganja. Furaha aliufuata na ndala zake, akipaza sauti ili fundi asikie.

"Umepita chini ya uzio! Umevuka barabara! Umeingia kwa mwenyekiti, kwenye mpira wa kuoshea magari!"

Bwana Ignas alitazama saa yake.

Mwaisha alipandwa na hasira hadi masikio yakamwaka, lakini mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi na maji yalikuwa yanampenya vidoleni. "Mjomba, rudi," aliita. "Kuna mama anajifungua humu."

"Narudi kwa ajili ya mama," ilijibu baridi kutoka ng'ambo. "Huyo bwana asidhani ni yeye."

Ilirudi, kizibo kikakaza, na Mwaisha akafunga valvu mpya kwa mizunguko saba. Yalikuwa yamepotea maji ya ndoo moja, nayo yalikuwa ndani ya ndoo ya Furaha. Saa tano mtoto wa kike alizaliwa, akaoshwa, akalia vizuri.

Baridi iliachia kizibo lakini haikurudi kwenye chupa; ilijilaza chini ya mstari mweupe, nao haukuyeyuka, hata jua la mchana lilipouwakia. Alhamisi kamati ilikutana chini ya uenyekiti wa Bwana Ignas, wajumbe wakiuruka mstari kuingia ukumbi wa zahanati. Waliazimia upangwe mawe pembeni ili watu wasiteleze. Suala la bomba liliwekwa kwenye mengineyo, na muda ukaisha.

Mwaisha alirudi baada ya mwezi kukagua valvu. Haikuvuja hata tone, naye akajipongeza kwa sauti. Watu walikuwa wamelaza soda zao juu ya mstari zipoe. Bwana Ignas alipita akienda kwenye magari yake, akasimama kando ya mstari, akauvulia kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Mwaisha alisubiri apite, akainama. Chini ya theluji alisikia maji yakikimbia kuelekea ng'ambo.

"Mjomba, si uyazibe tu haya?"

"Nimzibie kwa kosa gani?" ilisema baridi. "Siku hizi anaamkia vizuri."

Nyuma ya jengo, Nesi Furaha alikuwa amepanda ngazi, anapima tanki kwa fimbo. Lilikuwa limefika nusu.